Mikono Mizima

Kitanda cha saba ni changu, dirishani,
panapoonekana bomba la kiwanda
na kile kilima cheusi cha mavi ya shaba.
Nyonga yangu imevunjika. Macho hayakuvunjika.

Umba aliletwa Jumanne nyuma ya lori,
katikati ya magunia ya makala.
Shimo lilikuwa limemmeza hadi kiunoni.
Ana miaka kumi na sita; husema kumi na minane,
ndivyo walivyomfundisha kujibu huko machimboni.
Daktari alikata mguu wa kushoto, chini ya goti,
na usiku ule mtoto alipapasa shuka
kama mtu anayetafuta ndara yake gizani.

Nesi wa zamu alikuwa Mujinga.
Ucheke ukitaka. Watu wa mbali husikia jina wakadhani tusi.
Kwao ni jina la binti aliyezaliwa kitovu kimemzunguka shingo,
mtoto ambaye kitu cha kwanza alichojua duniani
ni jinsi kamba inavyokaba.

Jumatano, saa nne usiku, aliingia bwana mmoja,
viatu vikilia kwenye sakafu iliyodekiwa,
mkoba kwapani, ananukia sabuni ya bei.
Akatoa karatasi za Kifaransa, kurasa tatu,
na kikopo cha wino wa buluu.
"Kampuni ina huruma. Dola mia mbili, mambo yaishe.
Hahitaji kusoma. Nataka kidole gumba tu."

Umba alikuwa katika usingizi wa sindano,
mdomo wazi, mkono umening'inia kando ya kitanda
kama kitu kisicho na mwenyewe.

Mujinga hakupaza sauti.
Nilingoja apaze. Nilitaka kelele.
Alisema, "Subiri, baba, nimalize kazi yangu,"
akavuta kitoroli, lile gurudumu bovu likilalamika,
akachukua bandeji.

Alianza na gumba la kulia.
Pamba, bandeji, plasta. Kisha cha shahada, kisha cha kati,
kidole kwa kidole, kama wanawake wa Katuba
wafungavyo karanga kwenye vipande vya gazeti.
Kisha kiganja. Kisha mkono wa pili,
mpaka mtoto akawa na ngumi mbili nyeupe za bondia.

"Ana nini mikononi?" bwana akauliza.
"Ana miaka kumi na sita," Mujinga akajibu.
"Nina barua ya mkurugenzi."
"Nami nina bandeji. Haifunguliwi kabla ya siku tatu."

Bwana aliziacha karatasi, akisema atarudi.
Mujinga akavuta kiti, akaketi.
Siku tatu alikwenda nyumbani kuoga tu,
na kila alipoondoka alinikabidhi mimi, mzee wa nyonga,
beseni la bati na kijiko: akija, nipige.

Kwenye daftari la wodi aliandika, nikamwomba anisomee:
*Mikono mizima. Imefungwa ili ibaki mizima.*
Hakuandika uongo.
Walimkata posho ya mwezi kwa maneno hayo.

Mimi nami nina langu.
Mwaka ule reli ilipotuachisha, walitupanga foleni uani;
kila mmoja akachovya gumba, akabonyeza,
akapewa mshahara wa miezi miwili
badala ya thelathini na sita.
Nilikuwa macho. Nilikuwa na miguu yote miwili.
Hapakuwa na mtu wa kunifunga.

Jumamosi mama yake Umba alifika kutoka Kolwezi, vumbi hadi kwenye kope.
Mujinga akamsomea zile kurasa kwa Kiswahili, polepole,
akirudia kila mama alipoinua kichwa.
Mama akazikunja, akaziketia.
Ndipo Mujinga akachukua mkasi.

Vidole vilitoka vimekunjamana, vyeupe kwa jasho,
kama vya mtoto wa siku moja.
Umba akavitazama.
Akainua gumba la kulia
akajikuna pua, muda mrefu sana,
macho amefumba.